Mnadi Aliyenyamaza Wakati wa Mbalamwezi

Mimi simsifu mtu ovyo, na wifi yangu ndiye kabisa ilinichukua muda kumsifu. Yasmini, mke wa kaka yangu Assani, aliingia nyumbani kwetu Ujiji akiwa mtu wa sauti ya chini, anakula taratibu, analala mapema, na watu wa namna hiyo hunichosha. Siku hizi mtu akimsema vibaya mbele yangu nampa makavu yake papo hapo. Nitaeleza kwa nini, mjue kwamba sijarogwa.

Kaka yangu ni mnadi wa samaki kwenye mwalo wa Katonga. Alfajiri mitumbwi inaporudi kutoka ziwani na dagaa na migebuka, yeye hupanda juu ya kreti na kupaza bei mpaka mzigo upate mwenyewe. Kazi hiyo mtaji wake ni koo tu. Wenye mitumbwi humtaka kwa sababu sauti yake huwafikia wanunuzi wakiwa bado barabarani, na mnunuzi akishafika pale kuondoka mikono mitupu ni shida. Mimi hununua kwake dagaa wa kuanika, na naapa nimewahi kununua beseni zima nisilolihitaji, kwa vile tu alivyolitangaza.

Lakini kila mwaka kiangazi kinapoelekea ukingoni, koo hilo humsaliti. Mwezi wa tisa kwetu ni vumbi na moshi wa vilima vinavyochomwa, na upepo mkavu unaokutoa machozi. Halafu mvua ya kwanza inamwagika bila hodi na baridi yake. Hapo ndipo Assani hukauka sauti. Mwaka juzi ilipotea kwa siku chache tukachukulia ni mafua. Mwaka jana iliondoka karibu mwezi mzima, akawa ananadi kwa vidole na kutikisa kichwa, wanunuzi wanapatana bei wenyewe kwa wenyewe, na bei ya dagaa ikashuka hadi wenye mitumbwi wakamnunia.

Bi Veneranda hakununa, yeye alisema. Ni mama wa Kiha mwenye mitumbwi kuliko mtu yeyote pale mwaloni, na wenzake ndiye waliyemchagua awasemee. Alimwita Assani pembeni akamwambia kwamba anampenda kama mwanawe, lakini sauti ikimtoka tena mwaka huu, kazi itakwenda kwa Heritier. Huyo Heritier ni mtu wa makamo, wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, na alikuwa amenunua kipaza sauti cha betri. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na kipaza sauti tu.

Kaka yangu alirudi nyumbani siku hiyo akakaa uani bila kuvua viatu. Hajui kazi nyingine, wala hajawahi kutaka nyingine. Aliniuliza, "Shadia, wakininyamazisha Katonga, mimi nitakuwa nani?" Nilimjibu kwa mzaha kwamba atakuwa mume wa Yasmini, kisha nikaenda jikoni nikafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Hospitali alikwenda. Daktari alimmulika kooni, hakuona uvimbe wala kidonda, akamshauri anywe maji ya kutosha, akwepe vumbi na aipumzishe sauti. Assani alitusimulia huku akicheka: eti mnadi apumzishe sauti! Sisi wengine tulicheka naye. Yasmini hakucheka. Aliuliza daktari alisema aipumzishe lini, kabla haijakatika au baada.

Hapa lazima niseme alikoyatoa mambo yake. Kabla ya kuolewa kwetu, Yasmini alimsindikiza baba yake India kupasuliwa moyo. Walikaa huko miezi kadhaa, wakipanga chumba kwa mjane mmoja aliyeitwa Lakshmi, mtu wa Ayurveda, ile tiba ya kale ya Wahindi. Walielewana kwa Kiingereza cha kuungaunga na kwa kuoneshana. Wengine wakienda India hurudi na bangili na vitambaa. Wifi yangu alirudi na utaratibu wa kuishi.

Lakshmi alimfundisha kwamba mwaka nao una maungio kama mwili, na mahali majira moja yanapounganika na mengine ndipo mwili unapoteguka. Kwa hiyo usingoje mvua ikukute ulivyo. Unauhamisha mwili pole pole kabla yake. Kiangazi kimeukausha, basi unaulainisha: chakula cha moto chenye samli, maji ya uvuguvugu, mafuta mwilini kabla ya kuoga, kula na kulala kwa saa zilezile, na kuacha kidogo kidogo vya kukaanga na vya baridi. Na kiungo kile unachokitumikisha kuliko vyote, unakipa likizo.

Nilimtania kwamba kumbe mume wake ni chapati, anataka kupakwa mafuta. Alitabasamu. "Wifi, chapati ikikauka huvunjika," alisema. "Na koo ni hivyo hivyo."

Nilichompendea kwanza ni akili ya kuchagua wakati. Wavuvi wetu wa dagaa huwavuta kwa taa usiku, na mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, dagaa wanatawanyika, kwa hiyo mitumbwi hukaa nchi kavu hadi giza lirudi. Siku hizo za mbalamwezi hakuna mnada. Yasmini alihesabu akaona mbalamwezi ya mwisho kabla ya mvua inaangukia pale pale sauti ya mumewe inapoanza kukwaruza. Akasema hizo ndizo siku za kunyamaza. Asinong'one hata kidogo, kwa maana kunong'ona nako kunachosha koo. Kazini hatakosa siku, na hakuna atakayejua.

Hakuna atakayejua! Ujiji hii hii!

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Assani alikunywa maji yake ya moto yenye tangawizi, akala wali uliopikwa pamoja na choroko hadi ukalainika, wenye binzari na pilipili manga na samli iliyotoka Kasulu, akanyamaza. Nilikuwapo, na niseme kweli, sijawahi kuona nyumba yetu imetulia namna ile. Kisha Yasmini akamwambia aende akajipake mafuta mwili mzima, akae nayo kidogo ndipo aoge, akatoka kwenda dukani.

Chupa ya mafuta ya ufuta ilikuwa chumbani juu ya kabati. Lakini mtu aliyezaliwa na kukulia Ujiji ukimwambia mafuta, mkono wake huenda wenyewe kwenye mawese. Kaka yangu aliingia jikoni, akachukua mawese mabichi, mekundu, mazito, akajipaka kuanzia utosini hadi unyayoni. Kuuliza hakuweza, maana ameambiwa asiseme. Akakaa nayo siyo kidogo, bali hadi Yasmini aliporudi, kwa sababu alitaka yamwingie sawasawa.

Tulimsugua kwa sabuni, tukamsugua kwa majivu, tukamsugua kwa dodoki. Wekundu ulitoka, lakini njano ilibaki. Viganja njano, nyayo njano, kucha njano, na mawese kidogo yaliyomwingia machoni yakayafanya mekundu. Yasmini alimtazama, akaketi chini ukutani, akacheka mpaka kilemba kikamvuka. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka hivyo, na mwenzake anacheka bila sauti, mabega yanacheza tu. Siku hiyo nilianza kumwona wifi yangu kuwa ni mtu.

Ijumaa Assani akaenda msikitini na rangi yake hiyo. Watu wakamsalimia, akaweka mkono kifuani na kutikisa kichwa. Mzee Hamdani, jirani yetu ambaye hakuna habari inayolala nje ya mlango wake, akamuuliza hali, akapata tabasamu. Njano, hasemi, macho mekundu. Jioni mkewe Mzee Hamdani akapita uani kuomba moto, akaona chakula alichopikiwa: wali umepondeka kama wa mtu asiyeweza kutafuna. Na mgonjwa mwenyewe, isha haijamalizika, amekwisha lala.

Kesho yake asubuhi Ujiji nzima ilijua kwamba ini la Assani limekwisha.

Wakaanza kuja. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, na hili najivunia hata lilipokuwa linatuumiza. Walileta maandazi, ndizi, uji wa mtama ndani ya chupa za chai. Mzee Hamdani alikuja na wenzake wakasoma Yasini, na Assani, kwa adabu, akakaa katikati yao mikono juu akiitikia moyoni. Wanawake walimshika Yasmini mabega wakamwambia ajikaze. Yeye alimwambia kila mmoja wao ukweli, kwa utulivu: mume wangu haumwi, anaipumzisha sauti. Walimwangalia kwa huruma zaidi. Ni mke gani husema mumewe yu mahututi? Kadiri alivyokanusha ndivyo walivyozidi kuleta uji.

Nilimwambia amruhusu mumewe aseme neno moja tu, kelele zikome. Alikataa. Alisema akisema na mmoja itabidi aseme na wote, na hapo koo litakuwa limefanya kazi kuliko siku ya mnada. Nilikasirika, nikamwambia ukaidi wake utamponza kaka yangu. Aliendelea kuchambua choroko, akairudia ile ile aliyokwisha kuichambua, ndipo nikajua kwamba naye anaogopa.

Habari ilifika Katonga, na siku ambayo mitumbwi ingerudi majini usiku wake, Bi Veneranda akaja. Alikuja kwa bajaji pamoja na Heritier, wamebeba samaki aina ya kuhe amefungwa kwenye majani ya mgomba. Alisimama mlangoni na sketi yake ya Jumapili, akasalimu kwa Kiha, "Mwakeye," kama asemavyo kwa kila mtu, hata kwa sisi tusio Waha, kisha akamwona Assani amekaa mkekani, viganja vya njano vimetulia mapajani.

Kaka yangu hajawahi kumkuta mkubwa wake asiseme shikamoo. Nilimwona mdomo unafunguka. Yasmini alimtazama mara moja tu, wala hakutikisa kichwa. Mdomo ukafungwa, akainama akaweka mkono kifuani. Bi Veneranda alipoona hata shikamoo imemshinda, alikaa kitini akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

Alisema kwamba wenye mitumbwi wamekaa kikao. Hawamfukuzi, Mungu apishe mbali. Wanamwomba apumzike. Usiku huu giza linaanza, na kesho alfajiri Heritier atapanda kretini. Heritier mwenyewe alikuwa ameinamia viatu vyake. "Mukubwa Assani," alisema, "miye nitakushikilia tu. Ukipona nakurudishia."

Sote tulijua kwamba kazi ya kushikiliwa hairudi. Assani alijua kuliko wote. Alikuwa na sauti kooni mwake, ya siku zote hizo, nzima, na angeweza kuitoa pale pale akasema mimi si mgonjwa. Jasho lilimtoka. Alimgeukia mkewe, na mimi pia nikamgeukia, na kusema kweli nilimchukia kwa dakika ile.

Yasmini akapiga magoti mbele ya mgeni, kama inavyopasa. "Bi Veneranda, angekuwa mgonjwa ningelia hapa hapa, nisione haya," alisema. "Wewe umeuguza. Usinisikilize mimi, mtazame yeye anavyokula."

Kisha akaandaa. Akaleta sinia la ule wali wa choroko, moto, samli inang'aa juu yake, tukakaribishwa sote. Heritier alikula tonge moja, akaangalia sinia, akasogea karibu. Bi Veneranda alionja kwa shaka, akasema chakula cha mgonjwa hakina pilipili manga. Huku akisema alikuwa anamtazama Assani. Kaka yangu alikula upande wake ukaisha, akala ulioelekea upande wa Heritier, Yasmini akaongeza, naye akaongeza. Alikula kama alivyokuwa akila tangu utotoni, goti moja juu, bila kupumzika, na alipomaliza akajilamba kidole.

Bi Veneranda amezika waume wawili. Aliwahi kukaa kando ya vitanda akibembeleza mtu ameze kijiko kimoja. Aliinuka, akamshika Assani kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga, akamvuta kope ya chini akatazama weupe wa jicho, haukuwa na njano. Kisha akakinusa kiganja chake cha njano. Kilinuka mawese.

"Nani alikupaka hii?" aliuliza. Assani akajionesha mwenyewe kwa kidole, kwa aibu.

Bi Veneranda alicheka mpaka ikabidi aketi tena. Lakini kucheka kwake hakukumlainisha, yule mama si wa hivyo. Akimgeukia Yasmini alisema, "Sawa, haumwi. Lakini mwaka jana pia hakuwa anaumwa, na dagaa wangu walioza. Nakupa asubuhi moja. Kesho. Akikwaruza tu, Heritier anapanda."

Yasmini akajibu kwamba asubuhi moja inatosha. Alijibu kwa uso mkavu. Wageni walipoondoka aliingia chumbani akaketi kitandani, na nilipomfuata nikamkuta ameshika kichwa. Aliniambia hajui. Lakshmi hakuwahi kumwahidi mtu kupona, alimwambia tu kwamba mwili uliotunzwa kabla ya majira hubeba mzigo wake vizuri zaidi. Hakuwa na hakika na zaidi ya hapo. Nilimpenda hapo, na nasema wazi kwamba nilimpenda. Alikuwa ameweka kazi ya mumewe rehani mbele ya watu kwa jambo alilolielewa na asiloweza kulithibitisha, na hakuwa amejificha nyuma ya maneno makubwa.

Alfajiri ile mvua ya kwanza ilinyesha. Si nyingi, ya kulaza vumbi tu na kuleta ile baridi inayoingia mgongoni. Ndiyo hali ileile iliyokuwa ikimkata kaka yangu miaka yote. Yasmini alimvisha sweta, akamfunga skafu shingoni, akampaka mafuta ya ufuta kifuani kwa mkono wake mwenyewe, na sote watatu tukaenda Katonga.

Mwalo ulikuwa umejaa kuliko kawaida. Wengi walikuja kumwona mtu waliyesikia amekufa. Heritier alisimama kando ya kreti na kipaza sauti chake, Bi Veneranda mbele kabisa, mikono nyuma. Mtumbwi wa kwanza ukatia nanga, beseni la dagaa likashushwa, wanang'aa bado. Assani akapanda. Tulisikia maji yanavyopiga mawe.

Akaanza. Sauti ilitoka chini, nzito kuliko niliyoizoea, haikuwa ile ya kupasua masikio. Nikadhani imekwisha. Kumbe alikuwa hailazimishi. Ilijaa pole pole, ikapita juu ya vichwa vyetu, ikafika kwenye bajaji kule barabarani, na niliona wanunuzi kule wanageuka. Beseni la kwanza likaenda. La pili likaenda kwa bei ambayo Katonga ilikuwa haijaisikia tangu kiangazi kuanza. Kwenye mtumbwi wa tatu akakohoa.

Nilifumba macho. Heritier alinyanyua kipaza sauti, akakishusha. Assani alingoja, akameza mate, akanywa kidogo kutoka chupa ya maji ya moto aliyoining'iniza kiunoni kama askari, akaendelea pale alipoachia. Sauti ilikuwepo. Jua lilipopanda juu ya vilima alikuwa bado ananadi, na Heritier alikuwa amekwisha kikalia kipaza sauti chake, anachagua dagaa kama mnunuzi mwingine. Bi Veneranda hakusema neno la sifa. Alisema kesho mitumbwi itafika mapema, Assani asichelewe.

Mimi sisemi ni choroko, wala sisemi ni mafuta, wala ni kunyamaza. Huenda ni vyote pamoja. Ninachojua ni kwamba kulikuwa na mwanamke mmoja aliyeutazama mwili wa mumewe kabla haujavunjika, sisi wengine tukiwa tumezoea kuutazama baada.

Kwa desturi ya pale, kila mtumbwi humwachia mnadi samaki wawili watatu, naye huwanadi mwishoni wawe fedha yake ya siku. Asubuhi ile walikuwa migebuka, wanene, wamejaa ndoo. Yasmini alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na wanawake wa kuanika, ushungi umefunika nusu ya uso, anajiandaa kuondoka. Assani akanyanyua ndoo juu. Mume wa Ujiji halitaji jina la mkewe mbele ya wanaume, sembuse kulipaza mwaloni.

"Hawa ni wa Yasmini," alipaza. "Mke wangu Yasmini, aliyeniambia ninyamaze."

Mtu mmoja, mnunuzi wa siku zote, kwa mazoea tu, akanyoosha mkono akataja bei. Watu wakaangua kicheko. Kaka yangu hakucheka. Alimtazama mkewe juu ya vichwa vyote vile, akavuta pumzi, akajibu kwa sauti ambayo ingefika Ujiji kama upepo ungetaka.

"Nimesema hawauzwi."